UZI: Mwaka ambao Bunge la Kansas lilikuwa na maspika wawili – wakulima, madeni na nyundo

Karani wa Ghala (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye ule uzi wa bei za korosho kuna mdau aliandika kwamba dawa ni moja tu: wakulima waanzishe chama chao cha siasa, wachukue viti, mambo yanyooke. Nilianza kumjibu palepale, nikaona jibu linazidi kurefuka, nikaamua lije huku. Jambo hilo lilishafanyika. Lilifanyika Marekani miaka ya 1890, na wakulima hawakushindwa kwenye sanduku la kura. Walishinda. Kilichowapata baada ya hapo ndicho kimenileta.

Mimi si msomi wa historia. Nimekuwa karani wa ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) misimu sita huku kusini, na kilichonivuta kwenye habari hizi ni mpango mmoja wa maghala uliopendekezwa mwaka 1889. Nitaufikia. Vuteni viti.

Tuanzie Kansas. Ni nchi tambarare, miti ya kuhesabu, na mvua zake ni za kubahatisha. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe watu walimiminika kufungua mashamba, na katikati ya miaka ya 1880 mvua ilinyesha vizuri miaka kadhaa mfululizo. Wenye fedha wa majimbo ya mashariki wakawa wanakopesha kama vile hawataki kubaki na senti mfukoni: weka shamba rehani, nunua shamba lingine, weka na hilo. Mwaka 1887 mvua ikakata na bei za ardhi zikaporomoka. Madeni yakabaki palepale.

Tena nikisema yalibaki palepale nakosea, kwa sababu yalikuwa yanapanda. Marekani ilikuwa imebana fedha yake kwenye dhahabu, na tangu sheria ya sarafu ya mwaka 1873 fedha nyeupe, yaani yale madini ya silva, ilikuwa imetolewa kwenye utaratibu wa sarafu. Watu wanaongezeka, mazao yanaongezeka, fedha mkononi haiongezeki kwa kasi hiyo. Bei zikawa zinashuka mwaka hadi mwaka. Mkulima aliyekopa wakati busheli ya ngano inauzwa dola moja, analipa wakati inauzwa nusu dola. Deni kwenye karatasi ni lilelile. Kwa magunia limekuwa mara mbili.

Majira ya baridi ya 1889 kuamkia 1890, mahindi Kansas yalishuka bei hadi watu wakawa wanayachoma kama kuni. Makaa ya mawe yalilazimika kuja kwa treni, na treni ilikuwa na bei yake. Kati ya 1889 na 1893 mashamba zaidi ya 11,000 ya Kansas yalikwenda kwenye rehani iliyoshindikana kulipwa. Waliokuwa wanarudi mashariki waliandika kwenye mikokoteni yao maneno yaliyokuja kuwa msemo: tulimtumaini Mungu, Kansas tukafilisika.

Naendelea jioni, kuna lori limefika.

---

Mpwa wa Bi Zuhura

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, mbona reli umeipitia juu juu? Reli ilikuwa na nini mpaka watu wachome chakula?

---

Karani wa Ghala

Swali zuri. Mkulima wa kule mara nyingi alikuwa na reli moja tu karibu na shamba lake. Pale ambapo kampuni mbili za reli zilishindana, nauli ya mzigo ilikuwa nafuu. Pale ilipokuwa moja, inapanga inavyotaka, kiasi kwamba kusafirisha nafaka safari fupi kungeweza kugharimu kuliko safari ndefu. Na ghala la nafaka kwenye stesheni mara nyingi lilikuwa la haohao au rafiki zao, na wao ndio waliopanga daraja la ngano yako. Wenzangu wa korosho mnajua maana ya mtu mwingine kukupangia daraja.

Wakulima walishapigana na hilo mapema. Chama chao cha kwanza kikubwa, Grange, kilianza 1867, na majimbo kama Illinois yakatunga sheria za kudhibiti ada za maghala na nauli. Mwaka 1877 Mahakama Kuu ya nchi ikasema jimbo lina haki hiyo. Mwaka 1886 mahakama hiyohiyo ikasema mzigo ukivuka mpaka wa jimbo, jimbo halina neno. Na mizigo karibu yote ilivuka mpaka. Mwaka uliofuata Bunge la taifa likatunga sheria yake na kuunda tume ya kusimamia biashara kati ya majimbo, ila meno yake yalikuwa ya maziwa.

Sasa twende Texas, halafu tutarudi Kansas.

Kusini shida ilikuwa pamba na duka. Mwenye duka anakupa mbegu, unga, kitambaa na jembe kwa mkopo, na wewe unaweka rehani mazao ambayo bado hayajaota. Duka lilikuwa na bei mbili: ya taslimu na ya mkopo, na ya mkopo ilikuwa juu sana, kisha riba juu yake. Daftari analo yeye. Pamba ikivunwa unampelekea yeye, anapima yeye, anakwambia bado unadaiwa. Kwa hiyo mwakani unaanza tena kwake, na atakwambia ulime pamba tu, si mahindi, kwa sababu mahindi unaweza kuyala.

---

Muhaya wa Kaskazini

Hiyo kwetu ni butura kabisa! Kahawa ikiwa bado maua ushaiuza.

---

Nangurukuru

Na huku ni kangomba. Kumbe hawa jamaa walikuwa nayo kisheria.

---

Karani wa Ghala

Ndiyo, kwao ilikuwa kwenye sheria na mahakama iliilinda. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Muungano wa Wakulima ulianzia wilaya ya Lampasas, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1870. Ulikua kwa njia ambayo sisi tungeielewa: watu wa kuzunguka vijiji wakifundisha, mikutano ya chini ya miti, vyakula, nyimbo, magazeti madogo madogo. Halafu wakajaribu ushirika. Mwaka 1887 wakafungua kule Dallas soko lao la jimbo zima, wakiuza pamba kwa pamoja na kununua vifaa kwa jumla. Msukumaji wake alikuwa Charles Macune, mtu aliyewahi kufanya uwakili na udaktari pia. Wazo lilikuwa zuri, mtaji haukuwepo, na mabenki yakakataa kupokea hati za dhamana za wakulima. Juni 1888 wakaitisha siku moja maalumu ya kuokoa soko lao, wakulima wakajaa kwenye miji ya wilaya Texas nzima kuchangia. Walichangia kweli. Hakikutosha. Mwaka uliofuata soko likafa.

Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu mtu mwingine angesema basi ushirika haufai. Macune alisema: ushirika umekufa kwa kukosa mkopo, na mkopo uko mikononi mwa watu ambao ushirika unawanyima riziki. Kwa hiyo Desemba 1889, kwenye mkutano wa St. Louis, akaleta mpango wake wa maghala. Sikilizeni:

Serikali ya taifa ijenge maghala kwenye wilaya zinazozalisha sana. Mkulima alete pamba, ngano, mahindi, tumbaku, chochote kisichooza haraka. Apewe stakabadhi. Papo hapo apewe mkopo wa asilimia 80 ya thamani ya mzigo kwa bei ya soko siku hiyo, riba asilimia 1 kwa mwaka, pamoja na ada ndogo ya kutunza. Ana mwaka mzima wa kusubiri bei ipande auze.

Niliposoma hayo mara ya kwanza niliweka simu chini. Stakabadhi ghalani! Sheria yetu ni ya mwaka 2005, korosho zikaanza msimu wa 2007, na mimi nilidhani ni kitu cha juzi.

Ila kuna tofauti kubwa na ndiyo iliyowatia hofu matajiri wa wakati ule. Kwetu benki ndiyo inakopesha. Macune alitaka fedha itoke serikalini, noti mpya kabisa, zikidhaminiwa na mazao yaliyo ghalani. Maana yake wakati wa mavuno, ambapo kila mtu anauza kwa pamoja na fedha inakuwa adimu, noti zingeongezeka. Mazao yakitoka ghalani, mkopo unarudi, noti zinapungua. Fedha ya nchi ingepumua pamoja na mavuno badala ya kupumua pamoja na dhahabu ya London na New York. Kwa mara moja anamwondoa mwenye duka, anamwondoa mlanguzi wa msimu wa mavuno, na anagusa mamlaka ya benki. Unaweza kuona kwa nini walimwita kichaa.

---

Mzee wa Reli ya Kati

Karani, na magunia? Hawa hawakuwa na kesi ya magunia?

---

Karani wa Ghala

Mzee umenichekesha, kumbe unaijua. Walikuwa nayo! Mwaka 1888 wafanyabiashara wa juti (nyuzi za kufumia magunia) waliungana, bei ya kitambaa cha kufungia marobota ya pamba ikapanda karibu mara mbili. Muungano ukagoma. Wakulima wakafunga pamba yao kwa kitambaa cha pamba, na wapo waliooa wamevaa nguo za kitambaa hichohicho cha marobota kuonyesha msimamo. Umoja wa wauza juti ukarudi nyuma. Ni moja ya ushindi wao mchache usio na doa.

Haya, turudi Kansas, maana mpango wa maghala ulikuwa unahitaji sheria, na sheria inahitaji wabunge.

Juni 1890, mjini Topeka, watu wa Muungano na vyama vingine vya wanamageuzi wakaunda Chama cha Watu. Kampeni yao wenyeji waliilinganisha na uamsho wa dini. Misafara ya mikokoteni, bendi, watoto, vikapu vya chakula. Mary Elizabeth Lease, mama aliyekuwa mwanasheria, alihutubia mahali pengi sana, wakati yeye mwenyewe hakuruhusiwa kumpigia kura gavana. Tangu 1887 wanawake wa Kansas walipiga kura za miji tu. Ule msemo wa kuwaambia wakulima wapunguze kulima mahindi waongeze kuwasha moto, alisema mwenyewe baadaye kwamba ni waandishi wa habari waliompachika. Kwenye jimbo la uchaguzi la kusini-magharibi alisimama Jerry Simpson, mfugaji wa Medicine Lodge, dhidi ya bwana mmoja mtanashati. Simpson akamcheka mpinzani kwa soksi zake za hariri, mwandishi mmoja akageuza kwamba basi Simpson hana soksi kabisa, na jina likamganda: Jerry Asiye na Soksi. Likampa kura.

Novemba 1890 matokeo yalikuja: viti 5 kati ya 7 vya Kansas katika Bunge la taifa, na zaidi ya viti 90 kati ya 125 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo. Chama kilikuwa na umri wa miezi mitano.

Zamani zile maseneta wa taifa hawakuchaguliwa na wananchi, walichaguliwa na bunge la jimbo. Kwa hiyo Januari 1891 wakamwondoa Seneta John Ingalls, aliyekaa miaka 18 na aliyewahi kusema wazi kwamba kuisafisha siasa ni ndoto tu. Wakampeleka William Peffer, mhariri wa gazeti la wakulima, mzee mwenye ndevu za kufika kifuani.

Hongera zikaisha hapo. Seneti ya jimbo haikuwa kwenye uchaguzi mwaka ule, ilibaki mikononi mwa chama cha Republican. Kila muswada wa reli, kila muswada wa rehani uliotoka chini kwa Wawakilishi, juu unazikwa. Miaka miwili ya kupiga kelele.

---

Nangurukuru

Hapo kwenye "juu unazikwa" nimesikia uchungu mkuu. Endelea.

---

Karani wa Ghala

Mwaka 1892 wakarudi wakijua wanachokitaka. Chama kilishakuwa cha taifa zima; tarehe 4 Julai huko Omaha walipitisha ilani: maghala, reli ziwe mali ya serikali, kodi ya mapato inayopanda na kipato, kura ya siri, maseneta wachaguliwe na wananchi. Mgombea wao wa urais, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni 1 na akashinda majimbo kadhaa, Kansas ikiwemo. Ndani ya Kansas wakapata gavana, Lorenzo Lewelling, na safari hii wakapata Seneti ya jimbo. Sasa kumbukeni walichokosa 1890.

Baraza la Wawakilishi ndilo likawa na mgogoro! Republican walikuwa na hati nyingi zaidi za ushindi. Chama cha Watu kikasema baadhi ya hati hizo ni za makosa na wizi. Tarehe 10 Januari 1893 pande zote mbili zikaingia ukumbi mmoja, kila upande ukachagua spika wake. Maspika wawili, kila mmoja na rungu lake. Wiki zikapita, mabaraza mawili yanadai kuwa moja. Gavana na Seneti wakalitambua la wakulima.

Katikati ya Februari Chama cha Watu kikajifungia ukumbini na kuweka walinzi. Asubuhi ya tarehe 15 Republican wakaja wakiongozwa na spika wao, George Douglass, wakavunja milango kwa nyundo kubwa ya chuma. Wakaingia, wakabaki ndani. Gavana akaita wanamgambo wa jimbo. Wakaja, na bunduki ya rashasha aina ya Gatling. Gavana akamwamuru kamanda, Kanali Hughes, awatoe watu ukumbini. Kanali, ambaye kichama alikuwa Republican, akakataa. Sherifu wa wilaya naye alikuwa upande wa Republican, akaapisha wasaidizi wake mamia, wakakaa wakiwa na silaha.

Fikirini hali ya Lewelling. Ni gavana halali, ana Seneti, ana wananchi nyuma yake, na hana hata mtu mmoja mwenye bunduki wa kutii amri yake. Baada ya siku mbili akakubali mapatano, na tarehe 25 Februari mahakama ya juu ya jimbo ikaamua, majaji wawili kwa mmoja, kwamba baraza halali ni la Republican. Wakulima wakaingia ukumbini kama wachache.

Muda wa kikao ulikuwa umekwisha sehemu kubwa. Kilichopita ni kura ya siri, na sheria ya kumpa mkulima miezi 18 ya kukomboa shamba lililonadiwa. Si haba. Reli haikuguswa. Desemba mwaka huohuo, nchi ikiwa kwenye mdororo mkubwa, Lewelling aliwaandikia polisi wa miji waraka kwamba waache kuwakamata wasio na kazi kwa kosa la uzururaji, akisema ni kumwadhibu mtu kwa umaskini wake. Magazeti yakaufanya kichekesho. Mimi huo waraka ndio unanifanya nimpende.

---

Binti Sauti

Samahani nikuvuruge. Mbona wakulima wako wote ni wazungu? Pamba ya Texas ililimwa na nani? Uzi unawapamba sana hawa watu.

---

Karani wa Ghala

Haujanivuruga, ila ulikuwa unanisubiri nijikwae, na nimejikwaa.

Muungano wa Kusini ulikuwa wa weupe tu. Wakulima weusi wakaunda wao mwaka 1886 kule Texas, na ulikua sana. Mwaka 1891 baadhi yao wakaitisha mgomo wa wachumaji pamba, wakidai dola 1 kwa kila ratili 100. Na nani aliyepinga? Viongozi wa Muungano wa weupe, kwa sababu wengi wao ndio waliokuwa wanaajiri wachumaji. Mkulima mwenye shamba aliyelia kuhusu benki hakutaka kusikia kilio cha kibarua wake. Huko Arkansas, wilaya ya Lee, mgomo ulianza kweli, na uliishia kwa wagomaji kuwindwa na kuuawa, akiwemo kiongozi wao Ben Patterson.

Kulikuwa na waliojaribu njia nyingine. Tom Watson wa Georgia mwaka 1892 aliwaambia wakulima weusi na weupe kwamba wanatenganishwa ili kila mmoja anyang'anywe akiwa peke yake. Mhubiri mweusi aliyemfanyia kampeni alipotishiwa kuuawa, wakulima weupe wenye bunduki walikuja kumlinda. Watson huyohuyo baadaye akageuka mchochezi mbaya wa chuki dhidi ya weusi, na mwaka 1920 akachaguliwa kuingia Seneti ya taifa. Na North Carolina, ambako Chama cha Watu na Republican, wakiwemo weusi wengi, walishika bunge la jimbo kwa ushirikiano tangu 1894, yaliisha Novemba 1898 mjini Wilmington: watu wenye silaha wakaupindua uongozi wa mji na kuua raia weusi. Miaka miwili baadaye jimbo likaweka vikwazo vya kuwanyima weusi kura. Kwa hiyo Topeka walivunja mlango. Wilmington walivunja watu.

---

Mpwa wa Bi Zuhura

Na chama chenyewe kiliishaje? Maana sikioni leo.

---

Karani wa Ghala

Kiliolewa.

Mwaka 1896 chama cha Democrat kilimsimamisha kugombea urais William Jennings Bryan, kijana mwenye sauti, akihubiri fedha nyeupe irudishwe kwenye sarafu. Hilo lilikuwa dai moja tu kati ya mengi ya Omaha, tena jepesi kuliko yote, maghala hayakumo. Chama cha Watu kilikutana St. Louis mwezi Julai kikiwa kimepasuka. Wakimsimamisha mtu wao, wanagawa kura. Wakimchukua Bryan, wanajifuta. Wakamchukua Bryan, ila wakampa mgombea mwenza wao, Watson, wakati Democrat walishampa Arthur Sewall, mwenye benki na mjenzi wa meli kutoka Maine. Bwana harusi mmoja, mabibi harusi wawili, na bwana harusi hakuwahi kumwacha yule wa kwanza. Kansas ilimpa Bryan kura, nchi ikamchagua McKinley wa Republican. Baada ya hapo bei za mazao zikaanza kupanda, dhahabu mpya ikapatikana, chama kikayeyuka.

Yale ya Omaha yaliokotwa na wengine. Kodi ya mapato na maseneta kuchaguliwa na wananchi viliingia kwenye katiba mwaka 1913. Mwaka 1916 ikaja sheria ya taifa ya maghala yenye leseni na stakabadhi, na ndani yake benki ndiyo inayokopesha. Hiyo ndiyo inayofanana na stakabadhi ninayoijua mimi. Ile asilimia 1 haikuja nayo.

---

Binti Sauti

Na yule mama Lease? Alipata kupiga kura?

---

Karani wa Ghala

Mwaka 1894 Kansas walipiga kura ya kuamua kama wanawake wapewe haki kamili, ikashindwa, na Lewelling akashindwa siku hiyohiyo. Ilipita 1912, wakati Lease alishahamia New York zamani. Mwenzake kwenye majukwaa, Annie Diggs, alikuwa bado Kansas, na mwaka 1898 gavana wa mwisho wa chama chao alimpa kazi ya kutunza maktaba ya jimbo.

Lori lingine hilo. Nikirudi nitajibu maswali mengine.